Msumari Mmoja: Mwongozo kwa Mwenye Miradi Saba

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeambiwa utawanye mali, ukaitikia, na leo una miradi saba. Hongera. Kilichobaki ni kuhakikisha miradi yote saba inakufa wiki moja. Kazi yenyewe si ngumu kama unavyodhani. Haihitaji elimu ya fedha wala mkosi. Inahitaji masikio mazuri ya kijiweni, ndugu wenye mawazo, na imani thabiti kwamba saba ni nyingi kuliko moja.

Nianze kwa kukutetea, maana hukuandaliwa vizuri. Ukienda kwenye semina ya uwekezaji, mtoa mada mwenye suti ataanza na habari za mayai na kapu. Mimi nimefuga kuku wa mayai miaka minne na sijaona mfanyabiashara wa mayai mwenye kapu. Mayai hukaa kwenye trei, trei hufungwa nyuma ya pikipiki, na pikipiki ikiingia mtaroni hakuna anayeuliza trei zilikuwa ngapi. Ukirudi kwa wazee wetu, nao wamesimama upande wa pili kabisa: mshika mawili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Yule fisi anapasuka msamba tangu enzi za mababu ili sisi tusitawanye chochote. Kwa hiyo unatoka nyumbani na methali za kukukataza, unafika semina unakuta za kukuamuru, na katikati ya safari anakusubiri dalali.

Hatua ya kwanza, ambayo ukiifuata vizuri zilizobaki si lazima sana: hesabu majina. Usihesabu kitu kingine. Shamba ni moja, gesti ni mbili, bajaji ni tatu, endelea hivyo mpaka uridhike.

Mwalimu wangu katika hili ni mjomba wangu wa Masasi. Nilimtembelea mwanzoni mwa 2018, na kama uliwahi kufika mkoa wa Mtwara kipindi kile huhitaji kusimuliwa. Nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi katika msimu wa 2017/2018, na minadani bei ilifika kwenye shilingi 4,000 kwa kilo. Pikipiki mpya zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuziendesha. Hadithi za mbuzi kununuliwa soda, ambazo husimuliwa kila msimu unapokuwa mzuri, zilikuwa zimerudi kwa nguvu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mikono mitupu, lakini utaondoka na elimu."

Akanitembeza. Tulianza shambani, ekari kumi za mikorosho zilizopuliziwa salfa kwa wakati. Tukapita kwenye fremu zake nne za maduka, zote zina wapangaji. Tukaona gesti ya vyumba vinane, iliyojaa wanunuzi na madereva wa malori. Tukapungiwa mkono na dereva wa mojawapo ya bajaji zake tatu. Tukanywa maji baridi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, ambako bati zilikuwa zinaondoka kama maandazi ya asubuhi. Kulikuwa na mashine ya kusaga. Kulikuwa na kikoba ambacho yeye ni mwenyekiti na mwanachama mwenye hisa nyingi. Kulikuwa pia na mradi wa nane ambao hakunionyesha ila alinidokeza, nao ni kangomba: kumpa mkulima pesa kidogo kabla ya msimu ili korosho zake zikivunwa ziwe zako.

"Ninyi wa Dar mnasimama kwa mguu mmoja, mshahara," aliniambia. "Mimi nina miguu saba. Ukikatika mmoja, natembea."

Nilirudi Dar nimeaibika. Nikaanza kutafuta miguu.

Oktoba 2018 minada ilifunguliwa, wakulima wakaikataa bei. Mvutano ukaendelea hadi Novemba 12, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba jeshi litazibeba. Malori ya JWTZ yakaingia maghalani. Bei ilikuwa nzuri. Ila kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki, kumjua nani ni mkulima kweli na nani ni kangomba, na uhakiki una mwendo wake. Wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Mjomba alingoja pamoja nao, kwa sababu ya shamba. Kwa sababu ya kangomba hakungoja kabisa. Alikaa kimya kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Sasa fuatilia, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Mkulima asiyelipwa hanunui bati, kwa hiyo duka la vifaa lilianza kuuza misumari kwa rejareja. Wapangaji wa fremu walikuwa wanawauzia wakulima vitenge na redio. Wakaomba kodi isogezwe. Wanunuzi binafsi hawakuwa na cha kununua, wakaondoka, na gesti ikabaki na mlinzi. Abiria walikumbuka kwamba wana miguu, na madereva wa bajaji wakawa wanaleta maelezo badala ya hesabu. Mashine ya kusaga iliendelea kusaga, kwa mkopo. Kikoba ndicho kilichouma zaidi, kwa sababu wanachama wote walihitaji kukopa siku moja na hakuna aliyekuwa na cha kurejesha.

Nilimpigia simu Februari 2019. Baada ya salamu nikamuuliza miguu inaendeleaje. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, kumbe vilikuwa vidole vya mguu mmoja."

Ukitaka kurudia kazi ya mjomba huhitaji kuhamia Masasi. Popote penye kitu kimoja kinacholisha mji mzima pana nafasi. Jirani ya kiwanda cha sukari utapanda miwa, utanunua lori la kubebea miwa, na utajenga vyumba vya kuwapangishia wakata miwa. Geita kuna dhahabu. Nungwi, Zanzibar, ungeweza kuwa na boti, nyumba ya wageni, teksi, duka la vinyago na shamba la viungo la kutembeza wazungu, ukajiona umetawanya hadi baharini, halafu Machi 2020 ndege zikaacha kutua. Boti haikutoboka, nyumba haikuungua, viungo vilinukia kama kawaida.

Hatua ya pili: usiandike popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ndilo tunalolitaka, ipotee kimyakimya bila kukusumbua. Ukilazimika kuandika, andika bei uliyoisikia, kamwe usiandike bei ambayo mtu mwenye pesa mkononi angekulipa wiki hii.

Mfano ni kiwanja changu cha Kigamboni. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Katika michoro kulikuwa na majengo marefu ya vioo na miti iliyonyooka kama askari wa gwaride. Nilinunua mwaka uliofuata, mita 20 kwa 30, shilingi milioni mbili na nusu, mashahidi wawili na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ambaye naye alihitaji kushukuriwa. Mpango ule ulikuja na zuio la kuendeleza maeneo, jambo ambalo dalali alilieleza kama dalili njema: wakizuia ujue kuna kitu. Miaka ikapita. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na siku hiyohiyo dalali alinipigia kunijulisha kwamba sasa mimi ni mwenye milioni 30. Nilizipokea kwa simu nikazihifadhi kichwani.

Tangu hapo wamekuja wanunuzi wawili. Mmoja alitaka kulipa kidogokidogo kwa miaka mitatu. Wa pili alitaka tubadilishane na Noah iliyotumika. Lakini kichwani milioni 30 zilikaa, tena zilikua, na hapa kuna hila ambayo watu wa fedha hawaisemi kwa lugha nyepesi: kila dalali alipokipandisha bei, kiwanja kilimega sehemu kubwa zaidi ya mali yangu. Nilikuwa na kuku, vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT na akiba benki, lakini ukijumlisha kwa bei za dalali, kiwanja peke yake kilikuwa karibu robo tatu ya kila nilichonacho. Nilidhani nina mseto. Nilikuwa na sahani ya wali wenye punje moja ya njegere, na wali wenyewe haujaiva.

Hatua ya tatu ni fupi. Weka pesa zako katika matawi matatu tofauti ya benki moja. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja, nyingi zikiwa ndogo za mikoani, na wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamlinda mweka amana hadi shilingi 1,500,000 kwa benki, si kwa tawi, si kwa kitabu. Aliyezidisha hapo alisubiri mali za benki ziuzwe ndipo aone kama kuna kitakachobaki. Kadi tatu za rangi moja hazikumsaidia mtu.

Hatua ya nne inakuhusu wewe uliyesoma na unayedharau kuku. Unakwenda Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni soko dogo lenye adabu. Biashara ilianza 1998 na kampuni moja ya gesi, TOL, na hata leo kampuni zilizoorodheshwa hazijai daladala. Unanunua hisa za NMB. Kisha, kwa ajili ya mseto, za CRDB. Kisha, kwa tahadhari zaidi, za DCB. Sasa una kampuni tatu, na zote zinaishi kwa kukopesha Watanzania walewale kwa shilingi ileile. Ukiona haitoshi ongeza kiwanda kimoja cha saruji, halafu kingine cha saruji.

Hisa sizipondi. Aliyenunua NMB ilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 na akatulia, leo anatembea taratibu na kuchekea mambo madogo. Ila aliyekuwa na pesa ileile mwaka 2017 akaiweka yote Vodacom kwa shilingi 850 aliishuhudia bei ikishuka chini ya hapo na kukaa huko, na hakuna kosa alilofanya ambalo yule wa kwanza hakulifanya. Wote wawili walitundika kila kitu kwenye msumari mmoja. Wa kwanza msumari ulishika.

Kuna aina ya mwekezaji ninayemheshimu kuliko wote, naye ni mwalimu wa shule ya serikali. Hana papara. Anakatwa mchango wa PSSSF, ule mfuko uliozaliwa 2018 mifuko minne ya pensheni ilipounganishwa. Ana vipande vya mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, vya Ukwasi, na vya mfuko wa Hatifungani, vyote vya UTT. Alipopata kiinua mgongo cha mumewe alikwenda kununua hatifungani ya serikali ya miaka 25, ile inayoanzia shilingi milioni moja na kulipa riba mara mbili kwa mwaka. Ukimuuliza, ana vitu vitano. Sasa vifungue kimoja kimoja. Mshahara, ambao hakuuhesabu, unatoka serikalini. Pensheni itatoka kwenye mfuko ambao wenyewe umeikopesha serikali. Ndani ya mifuko ya UTT utakuta hatifungani za serikali zimejaa tele. Hatifungani yenyewe jina linajieleza. Vitu vitano, mdaiwa mmoja.

Utasema serikali haifilisiki. Huo ni msumari mnene, nakubali, na kama ningelazimishwa kuchagua mmoja ningeuchagua huo. Lakini waulize Waghana. Mwishoni mwa 2022 serikali yao ilizidiwa na madeni, ikawaambia wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Februari 2023 wastaafu, watu wa kutembelea fimbo, walikuwa wanakwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra kudai zao ziachwe. Ziliachwa, baada ya kukaa. Na hata pasipo balaa kama hilo, msumari huu una kutu yake ya kila siku: serikali italipa shilingi zote ilizoahidi, hadi ya mwisho, bila kuahidi zitanunua nini mwaka wa 25.

Hatua ya tano: fuata umati. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 Kenya ilishikwa na homa ya kware. Mayai yake, tuliambiwa, yalitibu pumu, kisukari, presha, na kwa wanaume mambo mengine. Homa haikuhitaji pasi ya kusafiria. Ilivuka Namanga na kunikuta mimi. Nilijiambia kware ni mseto, kwa kuwa tayari nilikuwa na kuku. Nilinunua kware 200. Ilinichukua muda kugundua kwamba kila aliyenunua mayai yangu alikuwa anakwenda kuyaangua, ili naye apate kware, ili auze mayai kwa mtu anayetaka kuangua. Hatukumpata mlaji. Siku waanguaji wapya walipokwisha, biashara iliisha saa hiyohiyo Nairobi, Arusha na kwangu Tabata. Tulikula kware nyumbani kwa miezi mitatu, mifupa mingi, nyama ya kutafuta kwa tochi.

Waliopanda mbegu kwenye mchezo wa fedha wa DECI wanaujua mtindo huu kwa jina lingine. Pale nako kila mtu alivuna kwa mbegu ya aliyekuja nyuma yake, mpaka serikali ilipoingilia 2009. Kilichonishangaza ni watu waliojisajili mara tano kwa majina ya watoto wao, wakisema wanagawa hatari.

Hapa naomba ruhusa ya kuweka kando utani, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo mjomba angeipata mapema angejenga vyumba vichache.

Mwaka 1952 kijana wa Kimarekani aitwaye Harry Markowitz alichapisha makala katika Journal of Finance, na mwaka 1990 ikampatia Nobel ya uchumi. Ukiondoa alama za hesabu, alichosema ni kwamba kujua mradi unayumba kiasi gani ukiwa peke yake hakutoshi. Jambo kubwa ni unayumba pamoja na nani. Chukua miradi saba yenye ukubwa sawa, kila mmoja mapato yake yanapanda na kushuka kwa asilimia 20 hivi kuzunguka wastani wake. Kama haijuani kabisa, mmoja ukianguka mwingine hana habari, basi mali yako yote kwa pamoja inayumba kwa asilimia saba na nusu tu. Hiyo ni nafuu kubwa, na ni ya bure. Kama yote inacheza ngoma moja, hatua kwa hatua, asilimia 20 inabaki 20 hata ukiwa na miradi mia. Na kama iko karibu na hapo, tuseme uwiano wa mwendo kati ya kila miwili ni 0.9, kama fremu na gesti na bajaji za mji wa korosho, ukikokotoa unapata asilimia 19 na kidogo.

Soma tena. Kutoka 20 hadi 19 na kidogo. Mjomba alijenga, alinunua, aligombana na mafundi na madereva kwa miaka kumi, akapunguza asilimia moja isiyotimia.

Markowitz mwenyewe, alipokuja kueleza alivyogawa akiba yake ya uzeeni, alikiri hakukokotoa chochote. Alipiga katikati, nusu hisa na nusu hatifungani, kwa sababu aliogopa majuto: hisa zikipaa naye hana, ataumia, zikiporomoka naye anazo zote, ataumia zaidi. Mtu mwenye Nobel ya jambo hilohilo. Hadithi hiyo hunifariji kila ninapofungua daftari langu.

Hesabu yake, pamoja na uzuri wote, haina mahali pa shemeji. Baada ya kware nilijirekebisha. Nilikuwa na kuku wa mayai Tabata, bajaji Gongo la Mboto na duka dogo la chakula cha mifugo Chanika. Soko la mayai halijui abiria wa bajaji, na wote hawajui bei ya pumba. Profesa yeyote angenipigia makofi. Ila vyote vitatu vilisimamiwa na shemeji yangu, kijana mwaminifu, mchapakazi, mwenye funguo zote, na mwenye hesabu zote kichwani. Mwaka 2016 alipata kazi Msumbiji. Alituaga vizuri. Ndani ya wiki sita kuku walipigwa na mdondo kwa sababu aliyejua tarehe ya chanjo alikuwa Pemba ya Msumbiji, dereva wa bajaji alihamia kwa tajiri mwingine akiwa na bajaji, na nikagundua kwamba duka lilikuwa linadaiwa na mtu ambaye simjui. Msumari wangu ulikuwa na jina, na nilikuwa nimekula naye pilau Idi iliyopita.

Basi hiki ndicho ninachokifanya siku hizi, nawe ukikifanya utakuwa umeuharibu mwongozo huu wote. Chukua daftari la shule. Andika kila ulichonacho, na juu kabisa andika mshahara au biashara inayokulisha, kwa kuwa hiyo ndiyo mali kubwa ya mtu asiyekuwa tajiri na ndiyo husahauliwa. Pembeni weka bei ya wiki hii, ya mtu mwenye pesa mkononi. Kama hakuna mtu huyo, andika sifuri na uvumilie. Halafu kwenye safu ya mwisho, badala ya faida, andika kifo chake: nini kitaiua? Mvua kukosekana, korosho, utalii, mdondo, mwajiri, serikali, shemeji. Ukimaliza, funika safu ya kwanza kwa mkono usione majina. Hesabu vifo. Vifo vilivyojirudia ni msumari mmoja, na idadi ya misumari ndiyo idadi ya miradi yako ya kweli.

Mjomba alikuwa na mmoja. Mwalimu wetu ana mmoja, mnene. Mimi siku nilipohesabu mara ya kwanza nilikuwa na miwili na nusu, na ile nusu ilikuwa mke wangu, ambaye ana kazi yake na hakutaka kuingizwa kwenye daftari.

Kuna safu nyingine niliiongeza baadaye, baada ya kulazwa: siku ngapi hadi iwe pesa? Pesa ya kwenye simu ni dakika. Vipande vya UTT ni siku kadhaa za kazi. Hatifungani huhitaji kungoja miaka 25, unaweza kuiuza sokoni kupitia dalali wa hisa, ila kama serikali imeanza kuuza mpya zenye riba kubwa, yako ya zamani itanunuliwa kwa bei pungufu. Ng'ombe ni mnada unaofuata. Kiwanja ni mpaka Mungu apende. Msiba, ugonjwa na ada ya shule vina desturi ya kuja vikiwa na tarehe, na hospitali ya jirani na kwangu haipokei mita 20 kwa 30.

Usije ukatoka hapo ukakimbilia misumari ishirini. Kuna dada ofisini kwetu ana miradi 14, kuanzia uyoga hadi viti vya kukodisha kwenye harusi, na kila mmoja una kitabu chake na mtu wake wa kumwibia. Huyo fisi wa wazee alikuwa anamsubiri yeye. Misumari mitatu au minne isiyojuana, ambayo unaifahamu vya kutosha kiasi cha kujua ni lini inapata kutu, inamtosha mtu mwenye kazi na familia. Mjomba siku hizi ana shamba lake, ameuza bajaji mbili, na ameweka pesa kwenye vipande na hatifungani. Duka la bati amebaki nalo kwa sababu, anasema, mtu lazima awe na mahali pa kukaa asubuhi. Nilimuuliza kuhusu kangomba, akaniuliza habari za watoto.

Mimi ninapunguza upande wa ardhi. Kiwanja cha Kigamboni bado kipo, mita 20 kwa 30, kinafikika kwa gari, hakina mgogoro. Bei inaongeleka. Noah sitaki.